Barua ya maombi iliyofungia vitumbua

Asubuhi moja nilinunua vitumbua viwili kwa mama anayeuza jirani na ofisi yetu, akanifungia kwenye karatasi. Nilipoifungua, mafuta yalikuwa yameshaloanisha maandishi, lakini yalisomeka: barua ya maombi ya kazi ya uhasibu, jina kamili, namba ya simu, hata namba ya kitambulisho cha NIDA. Kuna ofisi iliuza makaratasi yake kwa kilo bila kuyachana.

Sisi maofisa rasilimali watu hupenda kulalamika kwamba waombaji hawaaminiki. Sababu tunazo. Aprili 2017, ripoti ya uhakiki wa vyeti iliyokabidhiwa kwa Rais John Magufuli mjini Dodoma ilitaja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Ndiyo maana cheti chako kinaulizwa Baraza la Mitihani, na mdhamini uliyemwandika anapigiwa simu kweli. (Mjomba aliyefundishwa kujifanya meneja tunamjua. Akiulizwa mwaka ulioanza kazi, ghafla mtandao unasumbua.)

Lakini mwajiri anahakikiwa na nani? Kazi inatangazwa ilhali mtu wake ameshapatikana. Mshahara ni "maelewano". Baada ya usaili mwombaji anaambiwa "tutakupigia", naye analala na simu kichwani wiki tatu nzima, wakati ujumbe wa kumwambia hakufanikiwa hauchukui hata dakika.

Kuna binti alikuja kwetu, wasifu wake una pengo la miaka miwili. Mwenzangu akamuuliza alikuwa wapi. Akaikunja pembe ya bahasha ya kaki, akaikunjua, akaikunja tena. "Nilikuwa nalea," akasema mwishowe, kama anayekiri kosa. Kumbe kwingine aliposema hivyo walimkataa palepale. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya ujauzito, ndoa au majukumu ya familia, na mwombaji kazi naye analindwa humo kama mfanyakazi. Wanaokuja kutudanganya, wengine tumewafundisha wenyewe kwa usaili wa namna hiyo.

Kwa hiyo nanyi tuulizeni. Nafasi hii ni mpya au kuna aliyeondoka? Aliondoka kwa nini? Mshahara ni kiasi gani kabla ya makato? Nikikosa, nakala za vyeti vyangu mtazifanyia nini? Hilo la mwisho msilionee haya: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kutumika tangu Mei 2023. Ukiombwa "hela ya fomu" kwa namba ya mtu binafsi, usitume. Na ukipata kazi, kifungu cha 15 cha ile sheria ya ajira kinamtaka mwajiri akupe kwa maandishi, unapoanza, mahali pa kazi, saa na ujira. Wakikuambia "tutaandika baadaye", waombe waandike siku hiyohiyo.