Maji baridi na moyo: leo tulimalize

Jumapili nimelisikia tena. Kijana wa nusu marathoni kaanguka kilomita moja kabla ya kumaliza. Anatukana, hajui yuko wapi, kipimajoto cha njia ya haja kubwa kinasoma nyuzi 41.6: kiharusi cha joto, yaani mwili umechemka hadi ubongo unavurugika. Tunamtumbukiza kwenye pipa la barafu tuliyonunua Feri kwa wauza samaki, na nyuma yangu mtu anapiga kelele: "Jamani, msimtie kwenye baridi, moyo utasimama!" Nageuka, kavaa fulana ya huduma ya kwanza.

Ndugu yangu, moyo huo unasimamishwa na joto. Mishipa ya ngozi imefunguka yote, jasho limemkausha, damu inayorudi moyoni ni kidogo. Moyo unakimbia 170 na presha bado inashuka. Juu ya hapo misuli inasagika na kumwaga potasiamu, na potasiamu ikizidi, moyo hutetemeka tu bila kusukuma kitu. Baridi inabana mishipa ya ngozi, damu inarudi kati, presha inapanda. Mapigo huyaona yakitulia kwenye monita.

Wajuzi hapo hugeuza wimbo: mishipa ikibana, joto litanasa ndani. Huko Falmouth, Marekani, kwenye mbio za maili 7 za kila Agosti, walizamisha kwenye maji ya barafu wagonjwa 274 wa kiharusi cha joto katika miaka 18. Hakufa hata mmoja. Joto lilishuka kama nyuzi 0.2 kila dakika. Lilinasa wapi?

Wetu tulimtoa baada ya dakika 13, akiwa 38.9. Neno lake la kwanza la maana: nani kachukua viatu vyangu?

Kwapani msipime. Parasetamoli msimpe, haishushi joto hili, na ini lenyewe liko taabani. Na kutoka jasho hakumaanishi kwamba si kiharusi cha joto.

Kinachoninyima usingizi ni troponini, protini inayovujia kwenye damu misuli ya moyo ikiumia. Ya kijana wetu ilirudi juu, na ECG, kipimo cha umeme wa moyo, haikuwa nzuri. Mshipa wa moyo umeziba, au moyo umezubaa tu kwa joto? Hata mzima aliyemaliza marathoni akicheka, troponini yake huweza kupanda. Nikarudia kipimo, nikapiga eko, yaani ultrasaundi ya moyo, nikasubiri. Safari hii kusubiri kulitosha.

Na mzee wa miaka 70 mwenye moyo mbovu, aliyezidiwa na joto nyumbani kwake? Huyo hata mimi husita kumzamisha. Namlowesha mwili mzima, nawasha feni, naangalia monita.