Je, wajua kwa nini kuchanganya dawa mbili za mchwa si lazima kukupe hataza?

Chukua dawa inayoua mchwa, ichanganye na nyingine inayoua mchwa, kisha omba hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wako kwa miaka 20. Nchini Marekani utakumbana kwanza na kifungu cha 103 cha sheria ya hataza ya mwaka 1952, kinachokataa jambo ambalo mtaalamu wa kawaida wa fani angeliona wazi. Mwaka 1980, katika shauri la Kerkhoven lililohusu sabuni za unga, mahakama ilishikilia kwamba kuunganisha vitu viwili vinavyojulikana kwa kazi ileile ni jambo la wazi, hadi mwombaji aonyeshe vinginevyo.

Ataonyeshaje? Kwa hesabu. Tuseme dawa ya kwanza peke yake inaua mchwa 60 kati ya 100, na ya pili 50. Ukijumlisha unapata 110, mchwa wengi kuliko uliokuwa nao! Kanuni ya Colby ya mwaka 1967, iliyotungwa kwa ajili ya dawa za magugu, inakwenda hivi: ya kwanza ikishaua 60 wanabaki 40, na ya pili inaua nusu yao. Matarajio ni 80. Maabara ikipata 82, huna hoja. Ikipata 97, mnaweza kuanza kuzungumza.

Ila mpinzani atauliza ulipima kwa uwiano gani. Kama ulipima moja kwa kumi tu, kisha ukadai hadi moja kwa elfu, vipimo vyako havitoshi kubeba dai lako. Naona ni swali la haki kabisa.

Kwa mchwa kuna utata mwingine mtamu. Dawa iitwayo bifenthrini humfukuza mchwa, ilhali nyingine, imidaklopridi, haimgutushi: mchwa hupita palipopigwa dawa hiyo, akaisambaza kwa wenzake kabla ya kufa. Mwombaji atasema, nani angezichanganya, ikiwa moja inamkimbiza mdudu asiiguse nyingine? Mpinzani atajibu kuwa moja hupiga haraka na nyingine huua polepole, na fundi yeyote wa kupiga dawa angezitaka zote mbili. Tangu mwaka 2007, jibu hilo lina nguvu zaidi. Katika shauri la KSR, lililohusu pedali za gari, Mahakama ya Juu ilisema si lazima yapatikane maandishi yanayoelekeza mchanganyiko huo. Akili ya kawaida ya mtaalamu nayo inahesabika.