Je, wajua kwa nini kompyuta ya zamani huharibika ikiwa imezimwa?

Wanaokusanya na kufufua kompyuta za zamani hukutana mara kwa mara na jambo linaloonekana kupingana na akili ya kawaida. Mashine iliyofanya kazi kwa miaka mingi huzimwa ikiwa nzima, hufunikwa kwa kitambaa na kuwekwa katika stoo ya shule au ya ofisi, na inapotolewa baada ya miaka ishirini haiwaki kabisa, au huwaka kwa dakika chache kisha ikatoa moshi wenye harufu kali na kunyamaza. Hakuna aliyeigusa, haikuanguka, wala hakuna kipuri kilichochomolewa. Imeharibikaje?

Sababu ni kwamba ndani ya kompyuta mna vimiminika, chumvi, mpira, plastiki na tabaka za sumaku ambazo huendelea kubadilika hata umeme usipopita, na baadhi ya vipuri vyake huhitaji umeme huo ili vibaki na afya. Nchini Uganda kuna mambo mengine yanayoharakisha uharibifu huo, nayo ni unyevu wa nchi yenye misimu miwili ya mvua, vumbi jekundu la barabara za murramu, na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo.

Kipuri cha kwanza kutazamwa ni kapasita ya elektroliti, kipuri cha kuhifadhi chaji ya umeme, ile silinda ndogo iliyosimama juu ya bodi mama (bodi kuu ya kompyuta) na ndani ya pawa saplai (kisanduku kinachoipa mashine umeme). Ndani yake mna karatasi mbili nyembamba za alumini zilizoviringishwa pamoja na karatasi iliyoloweshwa kimiminika. Kinachozuia umeme usipite moja kwa moja kutoka upande mmoja hadi mwingine ni tabaka la oksidi lililo juu ya alumini, jembamba kiasi kwamba jicho haliwezi kuliona, na tabaka hilo lilijengwa kiwandani kwa nguvu ya umeme. Kila mara mashine inapowashwa, umeme pamoja na kimiminika hulikarabati tabaka hilo pale lilipodhoofika. Mashine ikikaa miaka mingi bila kuwashwa, ukarabati husimama ilhali kimiminika kinaendelea kulila. Siku utakapoiunganisha na umeme kamili, mkondo hupenya mahali palipo padhaifu, kapasita hupata joto, kimiminika huchemka, na kichwa chake huvimba au kupasuka. Ndiyo maana mashine iliyotumika kila wiki inaweza kuwa salama kuliko dada yake aliyelala kabatini tangu siku aliponunuliwa.

Hata hivyo matumizi nayo yana gharama yake, kwa kuwa kimiminika hukauka polepole, hasa panapokuwa na joto. Mafundi hutumia kanuni isemayo kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazopungua huongeza maisha ya kapasita maradufu. Kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwenye nyuzi 105 ingeweza kwa hesabu hiyo kudumu saa 128,000 kwenye nyuzi 45, yaani zaidi ya miaka 14 ya kuwaka usiku na mchana. Kampala iko kwenye kimo cha mita 1,200 hivi na hewa yake ni ya wastani, lakini stoo iliyoezekwa kwa mabati bila dari ni habari nyingine kabisa saa nane mchana.

Kapasita ndogo zilizobandikwa juu ya uso wa bodi mwishoni mwa miaka ya 1980 zina ugonjwa wa peke yake, kwa sababu vizibo vyake vya mpira havikuhimili kimiminika cha wakati ule na zikaanza kuvuja. Macintosh SE/30 ya mwaka 1989 inajulikana sana kwa tatizo hili: sauti hupungua hadi ikapotea, kisha skrini hujaa mistari badala ya picha. Bodi huonekana safi machoni, ila ukiigusa kwa kidole karibu na kapasita utahisi utelezi kama wa mafuta. Mashine ya namna hiyo haifai kujaribiwa kwanza. Kapasita zote hutolewa, bodi huoshwa kwa spiriti ya isopropili, kisha mpya huwekwa. Kwa kompyuta nyingine sipendi desturi ya kubadilisha kila kapasita eti kwa kuwa ni kuukuu. Kupima kwa maltimita yenye kipimo cha kapasita, na kubadilisha zile zilizoshindwa tu, huepusha bodi na joto la chuma cha kulehemu ambalo hubandua njia za shaba zilizodhoofika kwa umri.

Kapasita hata hivyo huua kidogo ukilinganisha na betri. Kompyuta nyingi za aina ya 286, 386 na 486, majina yanayotokana na chipu kuu zake, na pia Amiga 2000 ya mwaka 1987, ziliwekewa betri ya nikeli na kadimiamu ya volti 3.6 iliyolehemiwa juu ya bodi mama, ili saa na mipangilio isipotee mashine ikizimwa. Betri hiyo ilipata chaji kila mashine ilipowashwa. Ikiachwa kwa miaka, huisha kabisa, vizibo vyake hulegea, na hutoa maji ya potasiamu hidroksidi ambayo hutambaa juu ya bodi na kuila shaba. Dalili yake ni ukoko wa kijani au wa buluu kuzunguka betri, ambao hatimaye huingia ndani ya soketi za kibodi na za kumbukumbu. Kwa kuwa maji hayo ni ya alkali, dawa yake imo jikoni: siki au maji ya limau hupakwa kwa mswaki hadi povu linapokoma, kisha bodi huoshwa kwa maji safi, halafu kwa spiriti, na kuachwa ikauke vizuri. Njia za shaba zilizoliwa huunganishwa upya kwa waya mwembamba, kazi inayotaka macho na subira zaidi kuliko elimu. Anayeweka betri mpya ya lithiamu ya kidonge mahali pa ile ya zamani lazima aongeze dayodi, kipuri kinachoruhusu umeme kupita upande mmoja tu, kwa sababu bodi itaendelea kupeleka chaji kama ilivyozoea, na betri ya kidonge haikuumbwa kuchajiwa.

Mwenye mashine asiyekuwa na nia ya kuifufua leo wala kesho anaweza angalau kuitoa betri hiyo sasa hivi kwa koleo. Ni kazi ya dakika tano, nayo huokoa bodi nzima. Macintosh za zamani nazo zikaguliwe, kwa sababu betri zake za lithiamu zenye ukubwa wa nusu ya betri ya tochi hupasuka na kugeuza sanduku zima kuwa kutu.

Moshi niliotaja mwanzoni kwa kawaida hutoka kwenye kapasita ya aina nyingine, ile ya karatasi inayokaa mlangoni mwa umeme mkuu ndani ya pawa saplai, ambako kazi yake ni kuchuja kelele za umeme. Zile zilizotengenezwa na kampuni ya Rifa zina ganda la plastiki linaloangaza rangi ya asali, na ganda hilo hupasuka nyufa ndogondogo kwa uzee. Unyevu hupenya kwenye nyufa, karatasi huunyonya, na siku ya kuwashwa kapasita huungua kwa moshi mzito unaojaza chumba. BBC Micro, iliyotolewa Uingereza mwaka 1981 na kampuni ya Acorn, ina sifa mbaya kwa jambo hili. Mahali ambapo mvua hunyesha kuanzia Machi hadi Mei na tena kuanzia Septemba hadi Novemba, na pembezoni mwa Ziwa Viktoria hasa, kapasita hizo zibadilishwe kabla ya jaribio la kwanza, hata kama zikipimwa zinaonekana nzima.

Umeme wenyewe pia una historia. Uganda hutumia volti 240 kwa mizunguko 50 kwa sekunde, ilhali Marekani hutumia volti 120 kwa mizunguko 60. Kompyuta nyingi za msaada zilizotoka Marekani zina swichi ndogo nyekundu nyuma ya pawa saplai, yenye maandishi 115 na 230, na mashine ikichomekwa ukutani swichi ikiwa upande wa 115, mlio husikika mara moja na fyuzi hukatika, pengine na vingine pamoja nayo. Commodore 64 ya Kimarekani, ambayo ni ya mwaka 1982, haina swichi hiyo. Inahitaji transfoma ya kushusha umeme, na hata ikishapata umeme wake, televisheni ya zamani inayofuata mfumo wa PAL, ambao ni tofauti na wa Marekani, itaonyesha picha isiyo na rangi au inayobingirika. Pawa saplai yake ya asili nayo ni adui wa ndani. Imemiminiwa gundi ngumu isiyoruhusu matengenezo, na kidhibiti chake kikifa hakikati umeme bali hupitisha zaidi ya volti 5 zinazohitajika, kisha chipu za kumbukumbu huungua kimyakimya. Wapenzi wa mashine hii huitupa pawa saplai hiyo na kutumia mpya, nami nakubaliana nao bila kusita.

Wanaokumbuka mgawo wa umeme wa mwaka 2006, maji ya ziwa yaliposhuka, wanajua pia kwamba hatari haikuwa giza bali ule mpigo wa umeme unaporudi. Stabilaiza na fyuzi ya kiwango sahihi si anasa kwa mtu anayewasha mashine yenye umri wa miaka arobaini. Kwa jaribio la kwanza mafundi huunganisha balbu ya zamani ya waya, ya wati 60 au 100, kwa mfululizo na pawa saplai: ikiwa kuna shoti ndani, balbu huwaka kwa nguvu na kumeza umeme ambao ungeunguza kipuri. Balbu za LED hazifai kwa kazi hiyo. Pawa saplai nyingi za wakati ule hazitaki kuwashwa zikiwa hazina mzigo, kwa hiyo huunganishwa na diski kuu iliyokufa, kamwe si na bodi mama unayoipenda. Na kiwambo cha kioo kizito, kile chenye mkia mrefu, kisifunguliwe na asiyefundishwa, kwa sababu ndani yake hutumika zaidi ya volti 10,000 na huhifadhi chaji hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Unyevu una mwathirika mwingine ambaye watu humsahau, naye ni disketi. Tabaka lake la sumaku limeshikwa na gundi, na gundi hiyo ni chakula cha ukungu. Disketi iliyoota ukungu, yenye madoa meupe ya mviringo, isiingizwe kwenye mashine hata kidogo, kwani itachafua kichwa cha kusomea na kichwa hicho kitakwaruza disketi zote zitakazofuata. Ikiwa ndani mna faili zisizopatikana kwingine, kama vile barua za ofisi au rejesta ya shule, disketi hufunguliwa, husafishwa taratibu kwa spiriti, husomwa mara moja na nakala yake kuhifadhiwa. Baada ya hapo wengi hawatumii disketi tena. Hufunga kifaa kiitwacho Gotek, kinachojifanya disketi mbele ya kompyuta huku kikisoma flashi ya kawaida, na badala ya diski kuu huweka kadi ya CompactFlash, ambayo huzungumza lugha ileile ya IDE, yaani ile ya diski kuu za wakati ule, bila mkalimani zaidi ya adapta rahisi. Kadi kubwa haileti faida, kwani BIOS nyingi za 486, yaani programu ya kuanzishia mashine, haziwezi kuona zaidi ya megabaiti 504.

Kuhusu plastiki kugeuka njano sitakaa sana. Mwanga wa jua na hewa hubadilisha kemia ya uso wake, na tangu mwaka 2008 hivi wapenzi wamekuwa wakiirudishia weupe kwa haidrojeni peroksaidi pamoja na mwanga wa jua. Krimu ya asilimia 12 inayouzwa kwa ajili ya saluni inatosha, na jua la ikweta hufanya kwa saa chache kazi ambayo Ulaya huchukua siku nzima. Lakini njano hurudi, na plastiki iliyopaushwa vibaya hubaki na mabaka. Mimi ningeiacha ilivyo. Bati la sanduku lililoliwa na kutu ni rahisi zaidi: mafundi wa vyuma wa Katwe, mtaa wa Kampala, hulikata jipya kwa kipimo.

Upatikanaji wa mashine zenyewe una mipaka. Mwaka 2009 Uganda ilipiga marufuku kisheria uingizaji wa kompyuta, friji na televisheni zilizokwisha kutumika, na kompyuta za miaka ya 1980 na 1990 zinazopatikana katika stoo za nchi ni za kabla ya hapo. Nyingi zimefungwa ndani ya kaveera (mfuko wa plastiki) kwa nia njema ya kuzikinga na vumbi, kumbe plastiki hiyo huzuia unyevu usitoke na kuufanya ukungu na kutu kuwa wakazi wa kudumu. Kitambaa cha pamba ni bora, rafu iliyoinuliwa kutoka sakafuni ni bora zaidi, na vumbi lililokwishaingia litolewe kwa brashi laini kabla ya msimu wa mvua, kwa sababu vumbi lenye unyevu huweza kupitisha umeme mahali usipotakiwa.

Mashine iliyokwisha kupona huwashwa kwa nusu saa kila baada ya miezi michache, ili kapasita zake zijikarabati na diski kuu, kama bado ni ile ya asili, izunguke kabla vichwa vyake havijagandana na sahani. Nusu saa hiyo inatosha kuandika programu fupi kwa BASIC, lugha ya kuandikia programu, au kufungua lahajedwali ya zamani na kuona jinsi hesabu za duka zilivyoweza kufanywa katika kilobaiti 640 za kumbukumbu.