Usinipigie na asilimia peke yake

Jumatatu kanipigia kijana mmoja kutoka upande wa Mbozi. "Shikamoo mzee. Majibu ya maabara yametoka, chokaa asilimia 96. Nitafutie mwekezaji." Huyu ni wa tano tangu mvua zikatike, na wote wana imani moja: asilimia ikiwa kubwa, mlima ni mali. Jamani, hiyo ni hesabu ya dhahabu. Dhahabu ya Chunya ukishaipata, mnunuzi anapima uzito na usafi, basi. Jiwe la chokaa halina bei mpaka umjue anayelitaka na analipeleka wapi.

Nikamuuliza: magnesia, yaani oksidi ya magnesiamu, kiasi gani? Kimya. Karatasi yake ilikuwa na safu moja tu.

Hapo ndipo ninapochoka. Maabara ilikuwa imetumbukiza unga wa jiwe kwenye asidi, ikapima asidi iliyotulizwa, kisha ikaiandika yote kama kalsiamu kabonati, ndiyo chokaa yenyewe. Lakini magnesiamu nayo hutuliza asidi. Dolomaiti, jiwe la kalsiamu na magnesiamu kwa pamoja, ikiwa safi kabisa, kwa kipimo hicho hutoa zaidi ya asilimia 108! Kwa hiyo 96 inaweza kuwa chokaa safi, na inaweza kuwa dolomaiti iliyochanganyika na mchanga. Karatasi haisemi ni ipi.

Alipoleta jiwe lenyewe, nililidondoshea asidi baridi. Halikufanya kitu. Nikalikwangua kwa kisu, nikadondosha tena juu ya ule unga, likachemka povu dogo jeupe. Dolomaiti. Uso wake ulinywea, nami nikamwambia asubiri kwanza.

Kiwanda cha saruji hakilitaki jiwe hilo. Magnesia ikizidi asilimia 5 hivi kwenye klinka, yale mabonge yanayotoka tanuruni kabla ya kusagwa kuwa saruji, inakuja kujaa maji polepole baada ya zege kukauka, inavimba, na nyufa zinatokea wakati fundi ameshalipwa. Mtengeneza chakula cha kuku anataka kalsiamu kwa ajili ya ganda la yai, kwa hiyo naye atalikataa. Mtengeneza rangi atauliza weupe na ulaini kabla ya kitu kingine. Ila mkulima wa Mufindi au Njombe, ambaye mvua imemwoshea kalsiamu na magnesiamu yote shambani na mbolea za amonia zikazidi kuuchachusha udongo, huyo jiwe hili linamfaa kuliko chokaa tupu. Linatuliza tindikali na linamrudishia magnesiamu. Jiwe ni lilelile, wanunuzi wawili wamelikataa na mmoja analihitaji.

Lakini lazima lisagwe. Chenga kubwa zitakaa ardhini misimu kadhaa bila kufanya kazi, mkulima atasema chokaa ni utapeli, na hatarudi. Halafu kuna lori. Semi inabeba tani 30 hivi, na bidhaa ya bei ndogo kwa tani inaliwa na dizeli kabla haijafika Makambako. Mimi huchora duara la kilomita kwenye ramani kabla sijagusa nyundo. Kwenye pozolana ya Rungwe, lile jivu la volkano la kuchanganya na saruji, na kaolini ya Malangali, ule udongo mweupe wa kauri, ni hivyohivyo, ila kaolini niichome kwanza: inayoonekana nyeupe mkononi mara nyingi hutoka tanuruni na wekundu wa chuma.

Leseni ya uchimbaji mdogo ni ya Mtanzania, miaka 7. Mwekezaji wa nje aelezwe hilo siku ya kwanza, si baada ya chakula.

Kuhusu tani, nakiri naogopa. Vitabu huuchora mlima wa chokaa kama mkate uliokatwa vipande sawa. Niliwahi kumhakikishia mteja kwa mashimo manne mazuri ya kuchoronga. La tano likapita mita 9 za udongo mwekundu, pango la zamani lililojaa. Hakunilaumu, lakini fedha zake zilikuwa zimeshakwenda kwenye mtambo wa kusaga. Tangu hapo nikiulizwa tani, natoa namba mbili, ya chini na ya juu, na mteja akikasirika namwacha akasirike.

Kijana nimempa kazi moja: apeleke udongo wa mashamba matatu ya jirani ukapimwe TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, kisha awaulize wenye mashamba hayo chokaa wanainunua mwezi gani, na kwa mfuko au kwa tani. Akirudi na majibu hayo, nabeba nyundo.