Ramani ya vimbunga vya zamani: ule mstari sio mpaka wa hatari

Watu wengi hapa Bagamoyo wakionyeshwa ramani ya njia za vimbunga wanatafuta kwanza kama kuna mstari umepita kwao, wakikuta hakuna wanashusha pumzi. Lawama ni yetu sisi tunaochora, maana ule mstari unaonyesha kitovu kilipopita basi, upepo na mvua vinatanda mbali mno pembeni. Hidaya ya Mei 2024 kitovu chake kilipita Mafia lakini barabara ya Dar kwenda Lindi ilikatika kule Kilwa. Kwa hiyo mimi napendelea kuuzungushia mstari kivuli chepesi cha eneo la upepo mkali, pale data ipo.

Na data ndo shughuli yenyewe. Kabla satelaiti hazijaanza kutumika miaka ya 1960, habari zilitoka kwa manahodha na vituo vya bandarini, kimbunga kikipita bahari tupu hakuna anayejua. Kile cha tarehe 15 Aprili 1872 kililaza mikarafuu na minazi ya Unguja, kikazamisha meli za Sultan Barghash, na huku kwetu misheni ya mapadre ikaharibika vibaya sana, ila kasi ya upepo wake hakuna aliyeipima kama tunavyopima leo. Sasa ukikichora mstari mwekundu mnene sawa na Kenneth ya 2019 unamdanganya msomaji. Vya zamani hivyo viwekwe nukta nukta, rangi ya kijivu, na maelezo yaandikwe palepale kwenye ramani sio chini kabisa ambako hakuna anayesoma.

Kusema kweli mistari ya kufika kwetu ni michache, tuko karibu na ikweta na huku mzunguko wa dunia hauupi upepo msukumo wa kutosha kujizungusha. Michache lakini, Lindi walipigwa Aprili 1952. Kazi iko Madagascar, kule mistari imejazana kama nyavu zilizosokotana, lazima uipunguzie rangi ionekane hadi ya chini.

Nukta za kwenye mstari kawaida ni za kila baada ya saa 6, zikiachana sana ujue kilikuwa kinakimbia, zikibanana kilikuwa kinazubaa. Halafu msiandike mwaka mmoja mmoja, msimu wetu unavuka Januari, Idai na Kenneth zote ni za 2018/19. Rangi nyekundu na kijani pamoja hapana, kuna wasiozitofautisha, na wengi wataiangalia kwenye kioo cha simu juani pale soko la samaki.