Jiwe lililonyamaza: dhana potofu kuhusu mawe ya pangoni na ardhi iliyoganda

Huwa nawapeleka wanafunzi wangu wa jiografia kwenye pango la Kuumbi, kule Jambiani, Unguja. Tukishashuka na macho yakazoea kiza, sijafungua mdomo na tayari kuna aliyenyoosha kidole juu: "Mwalimu, lile jiwe lina miaka mingapi?" Swali halina taabu. Taabu ni majibu wanayopeana wenyewe, hasa nikiwaambia kwamba huko kwenye nchi za baridi, mawe kama hayo hutumika kujua ardhi ya milimani iliganda lini na iliyeyuka lini. Haya ni yale ninayoyasikia sana, pangoni na barazani.

"Jiwe la pangoni ni kama mti, kila mwaka linaongeza."

Likipata maji, ndiyo. Mvua hupenya kwenye udongo, ikabeba hewa ukaa inayotoka kwenye mizizi na vijidudu, ikapata ukali wa kuila chokaa ya mwamba. Tone likifika kwenye dari la pango, hewa ile hutoka na chokaa hugeuka jiwe tena. Aliyewahi kukwangua ukoko mweupe kwenye birika linalochemshiwa maji ya kisima cha maweni ameshaiona kazi hii, ila jikoni ni moto unaoifukuza hewa. Linaloning'inia huitwa stalaktiti, linaloinuka kutoka chini stalagmiti.

Lakini tone likikatika, jiwe linanyamaza. Linaweza kunyamaza miaka 100,000 kisha likaanza tena pale pale lilipoachia. Kwa hiyo urefu wake hauwezi kukwambia umri, na mkubwa si lazima awe mzee.

"Ardhi iliyoganda ni ile iliyofunikwa na barafu."

Hii naisamehe, sisi barafu tunaijua ya friji. Wataalamu huita pamafrosti ardhi au mwamba wowote uliokaa kwenye nyuzi 0 za Selsiasi au chini yake kwa miaka 2 mfululizo au zaidi. Basi. Juu yake panaweza kuota nyasi na maua. Na theluji nene iliyoanguka mapema huweza kuikinga ardhi na baridi, kama blanketi.

"Jiwe likiota ndani ya pango la Siberia, hiyo ni alama ya baridi kali."

Ni kinyume kabisa, na hapa ndipo penye utamu. Mwamba wa juu ya pango ukiganda, nyufa zote huziba. Hakuna tone, hakuna jiwe jipya. Kila tabaka lililoota pangoni humo ni ushahidi kwamba wakati huo maji yalipita, yaani mwamba haukuwa umeganda.

Mwaka 2013 mtafiti Anton Vaks na wenzake walitoa matokeo ya mawe kutoka mapango kadhaa, yaliyopangika kutoka kaskazini kwenda kusini, toka Siberia kule Urusi hadi jangwa la Gobi kule Mongolia. La kaskazini zaidi, Ledyanaya Lenskaya, liko kwenye latitudo ya nyuzi 60 hivi. Katika miaka nusu milioni iliyopita, mawe yake yaliota kipindi kimoja tu, miaka 400,000 hivi iliyopita, wakati dunia ilikadiriwa kuwa na joto lililozidi lile la kabla ya enzi ya viwanda kwa nyuzi 1.5 hivi. Mapango ya kusini zaidi yaliota mara nyingi, kila dunia ilipopata joto. Mwaka 2020 walirudi na mawe ya zamani zaidi kutoka pango lile lile la kaskazini, wakarudi nyuma hadi miaka milioni 1.5. Ikaonekana kwamba kabla ya ile miaka 400,000 mwamba wa pale uliyeyuka mara kwa mara, na wakaihusisha hali hiyo na nyakati ambazo barafu ya bahari ya Aktiki ilikuwa haba.

Huwa nawaambia wanafunzi wasikimbie. Jiwe lililoota ni shahidi mzuri. Jiwe lililonyamaza ni shahidi wa kuhojiwa, maana tone hukatika pia kwa ukame, au ufa ukiziba, au maji yakipata njia nyengine. Ndiyo maana hawalitegemei jiwe moja wala pango moja.

"Umri wanaupima kwa kaboni."

Kaboni hufika miaka 50,000 hivi, kisha inaishiwa. Tena sehemu ya kaboni ya jiwe hilo imetoka kwenye mwamba wa kale, kwa hiyo hudanganya. Wanatumia urani, metali ambayo taratibu hugeuka yenyewe kuwa metali nyengine iitwayo thori. Urani huyeyuka kwenye maji na kuingia kwenye jiwe. Thori haiyeyuki, kwa hiyo jiwe huanza karibu bila thori. Thori inayokutwa baadaye imezaliwa humo humo na urani, na kwa kuihesabu unapata umri hadi miaka 500,000 au 600,000. Kwa mawe ya zamani zaidi wanatazama risasi, yaani ile metali nzito, iliyotokana na urani hiyo.

"Maji yakiganda hayawezi kuacha jiwe."

Chukua barafu ya ubuyu, ile ya mfuko. Itoe kabla haijaganda yote, uipasue. Pembeni imeshakuwa nyeupe, karibu maji matupu, na katikati kumebaki uji mwekundu, mtamu na mkali kupita juisi uliyoitia. Kila mtoto wa mjini anajua kufyonza ile ya katikati na kumwachia mwenzake kipande cheupe. Barafu inapojijenga husukuma nje kila kisichokuwa maji.

Sasa weka dimbwi la maji ya chokaa ndani ya pango lenye baridi iliyoshuka chini ya sifuri kidogo tu. Linaganda polepole mno, chokaa inasukumwa kwenye maji yanayobaki, inazidi, hadi inajitenga na kuwa punje za kalsiti, yaani fuwele za chokaa. Barafu ikija kuyeyuka, punje zinabaki zimetawanyika sakafuni, hazikushika popote, nyengine za milimita chache, nyengine za sentimita. Oksijeni yake huzitambulisha: iko ya aina nzito na ya aina nyepesi, na ile nzito hupendelea kuingia kwenye barafu na maji yanayobaki huwa na ile nyepesi. Karel Žák wa Cheki na wenzake walizieleza mwaka 2004, na tangu hapo zimetafutwa Ulaya ya kati na kwenye milima ya Alps, hata mahali ambapo leo mwamba haugandi tena.

Usiseme basi kwamba punje hizo ni za kilele cha baridi. Katika kilele dimbwi lisingekuwepo, maji yangepita wapi? Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba huku juu ardhi imeanza kuachia na kupitisha maji, na kule chini pango bado ni friji. Zinaonesha ardhi iliyo njiani kuyeyuka.

"Si tuna Kilimanjaro, kwa nini wasipime pale?"

Barafu ipo, na mwamba ulioganda juu kule upo. Lakini Kilimanjaro ni volkano, na mapango yake yametokana na lava. Amboni kule Tanga kuna chokaa, ila hakuna baridi. Huwezi kupata vyote.

"Ardhi hiyo ikiyeyuka, bahari itavimeza visiwa vyetu."

Kinachopandisha bahari ni barafu iliyorundikana juu ya nchi kavu, pamoja na maji yenyewe kutanuka kwa joto. Greenland peke yake ina barafu ya kuipandisha bahari mita 7 hivi. Maji yaliyofungwa kwenye udongo ulioganda ni machache sana mbele ya hayo. Hofu ya pamafrosti ni kaboni iliyomo, karibu mara mbili ya ile iliyoko angani, ambayo ikianza kuoza hutoka kama hewa ukaa na methani.

Barafu ya nchi kavu ilivyo na nguvu, Kuumbi yenyewe inashuhudia. Miaka 20,000 hivi iliyopita, maji mengi yakiwa yamefungwa kwenye barafu hiyo, bahari ilikuwa chini kwa mita 120 hivi. Mkondo wa Unguja, ile bahari iliyo kati ya kisiwa na bara, haufikii kina hicho, kwa hiyo hapa palikuwa bara, na humo pangoni imefukuliwa mifupa ya pundamilia na nyati. Pemba haikuunganishwa wakati huo. Mkondo wake una kina cha mamia ya mita, na Mpemba wa darasani kwangu hukumbusha jambo hilo kila tunapopanda ngazi kutoka pangoni.