Kifua kinabana: mama apimwe moyo kwa kipimo gani?

Swali: Nina miaka 56, naishi Mikindani. Nikipanda kilima na ndoo kichwani kifua kinabana, nikipumzika kinaachia. ECG (mchoro wa umeme wa moyo) ya kitandani haikuonyesha tatizo. Mbona daktari anataka kipimo kingine?

Jibu: Kwa sababu ECG ile ilichukuliwa umelala, na moyo wako unalalamika kilimani. Mshipa wa moyo uliosinyaa hupitisha damu ya kutosha ukiwa umetulia. Kazi ikizidi, haitoshi tena. Daktari anataka kuuona moyo ukiwa kazini. Mama, amefanya vizuri kutokukuandikia dawa za vidonda vya tumbo na kukurudisha nyumbani.

Swali: Kuna mashine ya kutembea na kuna eko (picha za moyo kwa mawimbi ya sauti). Kipi bora?

Jibu: Kwenye mashine unatembea ukiwa na waya kifuani, kasi na mwinuko vikiongezwa kila dakika tatu. Kwa umri wako tunataka mapigo yafike kama 139 kwa dakika. Kasoro yake ni kwamba kwa wanawake mchoro hubabaisha zaidi: unaonyesha tatizo, kumbe mishipa ni safi. Hata hivyo msikidharau. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2011 ulifuatilia wanawake 824 walioweza kufanya mazoezi; waliopimwa kwa mashine tu na walioongezewa picha za dawa ya mionzi walikuwa na hali sawa baada ya miaka miwili.

Eko ya mazoezi hupiga picha kabla na mara tu baada ya kutembea. Ukuta wa moyo usiopata damu unaonekana ukijikunja kwa shida. Haina mionzi, na mimi huipendelea pale ECG ya kitandani ina kasoro, mradi mpimaji awe mzoefu.

Swali: Na mwenye magoti mabovu?

Jibu: Asilazimishwe kutembea. Anawekewa dripu ya dobutamini, moyo unaenda mbio akiwa amelala.

Swali: Majibu yakiwa mazuri na maumivu yakabaki?

Jibu: Rudi. Mishipa midogo ya moyo inaweza kushindwa kazi huku mikubwa ikiwa wazi, na hilo huwapata zaidi wanawake. Usikubali kuambiwa ni mawazo tu.

Ila maumivu yakikushika umekaa, na jasho jembamba, kichefuchefu au pumzi kukata, usisubiri tarehe ya kipimo. Mtwara nenda hospitali ya Ligula, Lindi nenda ya Sokoine, moja kwa moja dharura, hata kama ni usiku.